Alama ya tipeksi si alama ya kiwandani

Injini za mkanda (mkanda wa meno unaounganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, shafti inayofungua valvu) zinazoletwa gereji kwetu hapa Arusha baada ya kushindikana kwingine, nyingi huwa na vidoa vyeupe vya tipeksi. Kidoa kimoja kwenye puli ya kamshafti, kingine kwenye puli ya krenki, na viwili juu ya mkanda wenyewe. Aliyeviweka alikuwa na sababu zake. Unafungua kava, unapaka kidoa kwenye jino la puli na kwenye mkanda wa zamani pale vinapokutana, unatoa mkanda, unahesabu meno, unahamishia vidoa kwenye mkanda mpya, unarudisha. Kazi inaisha mapema na gari linawaka. Ndivyo nilivyofundishwa nilipoanza kushika spana, na walionifundisha walikuwa mafundi wazuri waliolea familia kwa kazi hiyo.

Leo simruhusu kijana yeyote ninayemfundisha aanze na tipeksi. Vidoa vile huhamisha hali uliyoikuta. Ukiikuta taimingi, yaani kwenda pamoja kwa valvu na pistoni, iko sawa, utairudisha sawa. Ukiikuta imeruka jino moja, utalirudisha lile lile jino moja, safari hii likiwa na mkanda mpya, tenshena (kikaza mkanda) mpya na mteja aliyelipa pesa. Baada ya hapo hakuna atakayefikiria kuangalia taimingi, maana si imetoka kubadilishwa juzi?

Gari lililonionyesha jambo hili kwa uwazi kuliko mengine ni Noah ya zamani, ile ambayo injini yake ya 3S-FE iko chini ya viti vya mbele. Mwenyewe alikuwa akibeba abiria kati ya Arusha na Karatu. Mpaka Mto wa Mbu hakuwa na shida kubwa. Shida ilianza pale barabara inapopanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Rhotia. Gari likijaa watu lilikuwa linapanda kwa gia ya kwanza, mafuta yanakwenda kama maji, na injini inapata joto. Alishabadilisha plagi, waya zake, filta na pampu ya mafuta. Mtu mmoja alishamwambia injini imechoka, atafute nyingine.

Tulianza kwa kupima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Silinda zote nne zilikuwa chini kidogo ya inavyotakiwa, na zote zilikaribiana. Hicho ni kitu cha kukiangalia kwa makini. Ringi ikivunjika, au valvu ikiungua, mara nyingi silinda moja au mbili huachana na wenzake. Zote zinaposhuka pamoja kwa kiasi kile kile, swali la kwanza ni kama valvu zinafunga kwa wakati wake. Kamshafti ikichelewa, valvu za kuingiza hewa huchelewa kufunga, na pistoni inapoanza kubana sehemu ya hewa inakuwa imesharudi ilikotoka.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Katika injini ile distribyuta inazungushwa na kamshafti, kwa hiyo kamshafti ikichelewa na moto nao unachelewa. Mtu aliyetangulia aliona moto umechelewa, akaizungusha distribyuta mpaka mwisho wa tundu lake refu ili arudishe moto kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Moto ukarudi mahali pake, valvu zikabaki zimechelewa. Tangu siku ile, nikikuta distribyuta imesukumwa mpaka mwisho wa tundu, sijadili tena. Natafuta soketi ya kufungulia kava la taimingi.

Tulipofungua, vidoa vya tipeksi vilikuwa vimelingana vizuri kabisa. Alama za kiwandani hazikulingana. Kwenye 3S-FE, puli ya kamshafti ina tundu dogo, na kofia ya beringi ya kamshafti iliyo nyuma yake ina mchoro. Ukichungulia ndani ya tundu, mchoro ule unatakiwa uonekane katikati. Chini, mfuo wa puli ya krenki unatakiwa uwe kwenye 0 ya kava, na kava likishatoka kuna alama ya puli ndogo ya krenki na nyingine kwenye bodi ya pampu ya oili. Chini kulikuwa sawa. Juu, mchoro ulikuwa pembeni ya tundu kwa jino moja.

Jino moja linasikika dogo. Chukua puli ya krenki yenye meno 24 na ya kamshafti yenye meno 48. Mzunguko mzima ni nyuzi 360, kwa hiyo jino moja la krenki ni nyuzi 15. Pistoni inakuwa mbele au nyuma ya valvu kwa nyuzi 15 kila mara, injini ikizunguka mara elfu tatu kwa dakika. Gari litawaka. Likiunguruma bila kukanyagwa mafuta litatetemeka kidogo, na barabara ya tambarare italivumilia. Mlima hautalivumilia. Tuliweka mkanda kwa alama za kiwandani, tukarudisha distribyuta katikati, kompresheni ikapanda kwenye silinda zote. Injini iliyosemwa imechoka ilirudi kupanda Rhotia na abiria wake.

Hapo ndipo nataka kijana aelewe kwanza injini inafanya nini, kisha ndiyo aguse alama. Injini ya mipigo minne inafyonza, inabana, inawaka, inatoa. Kumaliza mipigo hiyo krenki inazunguka mara mbili, na kamshafti mara moja, ndiyo maana puli ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Kutokana na hilo pistoni namba moja inafika juu kabisa mara mbili katika kila duru: mara moja mwisho wa kubana, mara nyingine mwisho wa kutoa moshi. Alama ya krenki inalingana mara zote mbili. Haiwezi kukwambia uko kwenye mpigo gani. Anayejua ni kamshafti.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Toa plagi ya namba moja, ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe krenki kwa rechi taratibu. Kwenye mpigo wa kubana hewa itasukuma kidole chako. Kama kava la valvu liko wazi ni rahisi zaidi: angalia ndizi za kamshafti, zile nundu zinazobonyeza valvu, za silinda namba moja. Pistoni ikiwa juu mwisho wa kubana, ndizi zote za namba moja hazibonyezi kitu, na tapeti zake zina uwazi unaoweza kuingiza filagheji (bati jembamba la kupimia uwazi). Wakati huo huo namba nne, ambayo pistoni yake nayo iko juu, valvu zake ziko kwenye kupokezana, moja inamalizia kufunga na nyingine inaanza kufungua. Ukiona hayo kwa macho yako, huhitaji kidoa cha mtu.

Kuna wakati hata alama ya kiwandani inasogea. Puli kubwa ya krenki, ile inayovuta alteneta, mara nyingi ni vipande viwili: kitovu cha ndani na pete ya nje, katikati kuna mpira wa kupunguza mtetemo. Mpira ukizeeka au ukilowa oili kwa miaka, pete ya nje inateleza. Mfuo wa taimingi umechongwa kwenye pete hiyo ya nje. Puli inazunguka vizuri tu, feni inavuta, chaji ipo, lakini mfuo umehama. Nimeona puli ambayo mfuo wake ulikuwa umekimbia kiasi kwamba ukiufuata unaweka taimingi ya ajabu kabisa na bado unajiona uko kwenye 0.

Kwa hiyo kabla ya kuuamini mfuo, naipima pistoni yenyewe. Kwenye injini ya petroli natumia kijiti kirefu cha mti laini au cha plastiki, kinaingia kwenye tundu la plagi na kukaa juu ya pistoni. Situmii bisibisi, tundu likiwa na pembe, bisibisi inakwama na kukwaruza. Ukizungusha krenki, kijiti kinapanda, kinasimama, kisha kinaanza kushuka. Lakini pale juu kuna kipande ambacho krenki inazunguka nyuzi kadhaa na kijiti hakisogei kwa kiasi cha kuonekana. Ukisema "hapa ndipo juu" kwa kuangalia kijiti tu, unaweza kukosea kwa nyuzi hizo. Ninachofanya ni kukwaruza mstari kwenye kijiti, chini kidogo ya kilele. Natia alama kwenye puli pale mstari unapofika ukipanda, naendelea kuzungusha, natia nyingine pale mstari unapofika tena ukishuka. Katikati ya alama hizo mbili ndipo juu penyewe. Inachukua muda mfupi kuliko kusimulia, na haidanganyi.

Subaru zina mtego wa aina nyingine, na umeshakula injini nyingi. Katika injini za EJ, zile za Impreza na Forester za miaka hiyo, puli ya krenki ya mkanda ina mshale mbele, unaonekana waziwazi. Fundi aliyezoea Toyota anauona mshale, anauelekeza juu, anashukuru. Mshale ule si wa kuwekea mkanda. Alama ya mkanda ni mchongo mdogo kwenye ukingo wa nyuma wa puli, kwenye moja ya vile vijino vinavyosomwa na sensa, na inalingana na alama iliyo kwenye bodi ya pampu ya oili juu yake. Kwenye kamshafti pia kuna mishale na kuna vistari, na vistari ndivyo vya mkanda.

Jambo jingine linalowachanganya watu kwenye EJ ni kwamba alama zote zikiwa sawa, hakuna pistoni iliyo juu kabisa. Zote ziko katikati ya silinda. Anayetafuta namba moja juu kwa kijiti ataona anakosea, na ataanza kusahihisha kitu kilicho sahihi. Watengenezaji waliweka hivyo ili kamshafti ziweze kuzungushwa bila valvu kukutana na pistoni, na kwa kweli ni huruma kubwa kwa fundi. Unaihitaji huruma hiyo, kwa sababu kwenye zile zenye kamshafti nne, za upande wa kushoto ziko chini ya nguvu ya springi za valvu. Mkanda ukitoka, puli inaweza kuruka ghafla. Weka vidole mbali na uishike kwa kifaa chake.

Baada ya mkanda kukaa na tenshena kuachiwa, watu wengi huona kazi imekwisha. Kwangu hapo ndipo kazi inapopimwa. Mkanda unaweza kulingana kwenye alama huku upande usio na tenshena ukiwa umelegea. Tenshena ikikaza, inavuta ulegevu ule na kamshafti inasogea jino. Ndiyo maana mkanda unavalishwa kuanzia krenki, upande unaovuta ukiwa umenyooka, na ulegevu wote unaachwa upande wa tenshena. Kisha unazungusha krenki mara mbili kamili kwa mkono, kuelekea upande injini inakozungukia, unaangalia alama upya. Sitaki kusikia neno selfu kabla ya hapo. Selfu ina nguvu ya kupinda valvu na haina hisia. Mkono ukigusana na kitu kigumu unasimama.

Kijana ninayefanya naye kazi sasa nilimuuliza juzi:

"Umezungusha?"

"Nimezungusha, fundi. Mara mbili. Alama zimerudi."

"Kuna mahali pamegoma?"

"Kuna sehemu nzito kidogo, halafu inaachia."

"Plagi umetoa?"

"Bado."

"Toa plagi zote, zungusha tena, halafu uniambie."

Alizitoa, akazungusha, uzito ukapotea. Ilikuwa kompresheni tu. Plagi zikiwa nje, uzito wa ghafla hauna pa kujificha: ukiukuta, valvu inagusa pistoni, na unatakiwa urudi nyuma palepale. Plagi zikiwa ndani huwezi kutofautisha hivi viwili. Niliona uso wake ulivyobadilika alipolielewa hilo kwa mikono yake, na nadhani hatalisahau.

Masika, Aprili na Mei, ndiyo wakati wetu wa Land Cruiser. Watalii wanapungua, magari ya safari yanaingia gereji kwa matengenezo makubwa, na mengi yana injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita ya lita 4.2. Fundi anayeiona kwa mara ya kwanza hushangaa mkanda wake ulivyo mfupi. Hauteremki mpaka kwenye krenki. Krenki inazungusha pampu ya dizeli kwa gia za chuma, na mkanda unatoka kwenye puli ya pampu kwenda kwenye puli ya kamshafti peke yake. Puli hizo mbili zinazunguka kwa mwendo mmoja, kila moja ina alama yake, na kuzilinganisha ni kazi ya muda mfupi ukishatoa kava.

Wepesi huo unawafanya watu wazembee. Dizeli ile inabana hewa kwa zaidi ya mara 20, kwa hiyo pistoni ikiwa juu nafasi iliyobaki kati yake na hedi ni finyu sana. Mkanda ukikatika katikati ya Serengeti, valvu zinakutana na pistoni mara moja, na gari linavutwa mpaka mjini. Pia kijiti changu hakifai hapa, kwa sababu mafuta yanachomwa kwanza kwenye chemba ndogo ya pembeni na hakuna njia ya moja kwa moja kutoka kwenye tundu la nozeli hadi juu ya pistoni. Unategemea alama na kuzungusha kwa mkono, pamoja na kuangalia valvu za namba moja na namba sita, ambazo pistoni zake hupanda pamoja.

Madereva wa safari huniuliza kuhusu ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Wanadhani inapima mkanda. Inahesabu kilomita tu. Haijui kama mkanda una nyufa, umelowa oili au ulibadilishwa wiki iliyopita. Na ukikuta dashibodi imetoka gari jingine, hesabu hiyo ni ya gari jingine. Kwa magari haya naandika kilomita na tarehe kwa rangi ndani ya kava, na nampa dereva maandishi yale yale kwenye karatasi. Sili ya kamshafti ikiwa inavuja hata kidogo naibadilisha siku hiyo hiyo, maana oili huumaliza mpira wa mkanda mpya kabla ya wakati wake.

Siku hizi IST ni nyingi kuliko Noah za zamani, na IST inatumia cheni. Wenye magari wanaambiwa cheni ni ya maisha. Cheni hurefuka pini zake zinapolika, na tenshena yake inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo mtu anayechelewesha kubadilisha oili anaiua taratibu. Dalili ya mwanzo ni mlio wa kugongagonga asubuhi kwa sekunde chache, kisha unapotea presha ikipanda. Baadaye taa ya cheki injini inawaka na mashine inasoma P0016, yaani krenki na kamshafti hazikubaliani. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa. Sensa inaweza kuwa ndiyo, lakini kama mlio wa asubuhi upo, fungua kava.

Cheni ya injini hizo za IST, ziitwazo NZ, ina viungo vitatu vyenye rangi tofauti na vingine: viwili vinakaa kwenye alama za giya za kamshafti, kimoja kwenye alama ya giya ya krenki. Giya ya VVT-i, ile ya kamshafti inayobadilisha wakati wa valvu injini ikizunguka, lazima iwe imejifunga kwenye nafasi yake ya kuchelewa kabisa kabla hujaweka cheni. Ikiwa imeachia, utalinganisha alama vizuri na bado kamshafti itakuwa mahali pasipo pake. Ukishaweka, ukizungusha mara mbili, viungo vya rangi havitarudi kwenye alama. Vijana wengi hapa hushtuka, wanavua cheni na kuanza upya, wakati kazi ilikuwa sawa. Idadi ya viungo vya cheni hailingani na mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo rangi inahama na itachukua mizunguko mingi kurudi. Kazi ya rangi ni siku ya kufunga tu. Baada ya kuzungusha unaangalia alama za giya zenyewe: mfuo wa krenki uko kwenye 0, na alama za giya mbili za juu ziko pale kiwanda kilipozitaka.

Mwenye IST akiniomba nibadilishe cheni peke yake ili apunguze gharama, nakataa na kumwonyesha sababu mezani. Nampa giya ya zamani aipitishe kidole kwenye meno, ahisi yalivyochongoka. Cheni mpya juu ya meno hayo italika haraka. Nabadilisha cheni, giya ya krenki, tenshena na zile reli mbili za plastiki, nasafisha sampo (bakuli la oili) na kichujio cha pampu ya oili. Giya za kamshafti nazipima kwanza. Kama meno yake bado ni mviringo zinabaki.